Mwizi wa Jouli: Saketi Ndogo na Kazi Kubwa ya Kuipima

Mwizi wa jouli ni saketi inayowasha taa ya LED kwa betri moja ambayo tochi imeshaikataa. Ukiacha betri, vifaa vyake ni vinne tu: transista, resista, taa yenyewe, na pete ya feraiti iliyozungushiwa nyaya mbili. Taa nyeupe ya LED huhitaji takriban volti 3 ili iwake. Betri ndogo ya tochi ikiwa mpya hutoa 1.5 na kidogo, na ikichoka hushuka chini ya 1. Saketi huziba pengo hilo kwa kuwasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kila sekunde.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Saketi za ukoo huu zilitumika katika rada na televisheni za enzi za valvu. Sura inayopendwa na mafundi wa kujifurahisha ilitoka Uingereza, Novemba 1999, Z. Kaparnik alipoichapisha katika jarida la Everyday Practical Electronics. Jina likaja mwaka 2002 kutoka kwa Clive Mitchell, naye alikuwa akicheza na maneno: kwa Kiingereza, jouli, yaani kipimo cha nishati, na kito cha thamani hutamkwa karibu sawa. Kwa Kiswahili utani umepotea njiani, lakini wizi umebaki.

Kuiunda hakuna siri. Pete huweza kung'olewa ndani ya taa mbovu ya kubana matumizi ya umeme, na nyaya mbili zikazungushwa pamoja mara 20 hivi. Mwanzo wa waya mmoja hufungwa na mwisho wa mwingine, na fundo hilo hupelekwa kwenye chanya ya betri. Ncha moja iliyobaki huingia kolekta ya transista moja kwa moja, ya pili huingia besi kupitia resista ya omu 1,000. LED hukaa kati ya kolekta na emita. Wengi wanaoikosa mara ya kwanza huwa wamegeuza waya mmoja. Hapo taa haiwaki kabisa, na dawa ni kubadilishana ncha mbili za waya huo.

Mkondo mdogo unaopita kwenye resista huifungua transista kidogo. Mkondo wa kolekta unapoanza kupanda, usumaku wa pete huzalisha volti katika waya wa besi, nayo huifungua transista zaidi, hadi mlango uwe wazi kabisa. Mkondo huendelea kupanda mpaka transista ishindwe kuubeba kwa kiasi cha mkondo wa besi ilichopewa, au feraiti ishibe. Volti ya waya wa besi hupinduka, mlango hufungwa ghafla. Usumaku haukubali kukatwa hivyo: koili huisukuma volti juu ya ile ya betri mpaka ipate njia, na njia ni LED. Nishati ikiisha, mzunguko huanza upya. Kwa koili ya mikrohenri 100 yenye volti 1.4, mikrosekunde 5 zatosha kuufikisha mkondo miliampea 70. Nishati iliyohifadhiwa hapo ni jouli 0.000000245, kiasi cha kuchekesha, lakini ikirudiwa mara 50,000 kwa sekunde hufika miliwati 12, nazo zatosha kuonea njia gizani. Fundi akiichomoa LED saketi ikiwa hai, volti hukosa pa kutokea na huweza kupita mpaka wa transista. Kwa BC547 mpaka huo ni volti 45.

Kuwaka kwa taa ni jambo la jioni moja. Kusema ni sehemu gani ya nishati ya betri iliyoifikia taa ni kazi nyingine, na ndiyo inayomtofautisha aliyeiga na aliyejaribu. Kaparnik mwenyewe alitoa ufanisi kwa transista tatu: 57% kwa BC550, 73% kwa ZTX450 na 79% kwa ZTX650. Tofauti kubwa inatokana na volti inayopotea ndani ya transista ikiwa wazi. Kupoteza volti 0.2 hakuonekani kwenye chanzo cha volti 12. Kwenye betri iliyobakiwa na 0.9 ni zaidi ya moja ya tano.

Matatizo huanza mita ya kawaida inapowekwa kwenye mkondo wa kudunda. Tuseme LED inapata volti 3 na miliampea 40 kwa robo ya muda, na muda uliobaki haipati kitu. Nguvu yake ya kweli ni robo ya miliwati 120, yaani 30. Anayepima wastani wa volti atasoma 0.75, na wastani wa mkondo miliampea 10. Akizidisha atapata 7.5. Anayechukua vilele kwenye osiloskopu na kusahau kugawa kwa muda atapata 120. Ikiwa betri inatoa miliwati 40, saketi ileile inakuwa na ufanisi wa 19% kwa mmoja, 300% kwa mwingine, na 75% kwa aliyezidisha volti na mkondo wa kila nukta ya wakati kabla ya kutafuta wastani. Madai mengi ya nishati ya bure hayahitaji ulaghai. Yanahitaji tu mtu mwaminifu na kuzidisha kulikokosewa.

Resista ya kupimia mkondo nayo hudanganya. Ile ya waya uliosokotwa ni koili ndogo kwa asili yake. Ikiwa ina omu 1 na mikrohenri 1, miliampea 70 zikikatika ndani ya mikrosekunde 0.1 huonyesha mwiba wa volti 0.7, mara kumi ya volti 0.07 inayotokana na mkondo wenyewe. Resista isiyo ya waya, na waya mfupi wa chini kwenye osiloskopu, huondoa sehemu kubwa ya uongo huo. Upande wa betri ni mwepesi zaidi: kapasita kubwa ikiwekwa baada ya mita, karibu kabisa na saketi, mita huona mkondo uliotulia, na wastani wake ukizidishwa na volti iliyopo kwenye kapasita hutoa jibu la kuaminika.

Betri si kipimo. Ikipumzishwa hupandisha volti yenyewe, na hata desturi ya kwetu ya kuanika betri juani inafanya kazi kwa sababu joto huupunguza ukinzani wake wa ndani, wala jua halikuongeza kitu. Kwa hiyo mjaribu makini huiondoa na kuweka kapasita ya faradi 10. Ikishuka kutoka volti 1.4 hadi 0.7 imetoa jouli 7.35, hakuna zaidi, na miundo miwili hulinganishwa kwa mwanga ilioutoa kwa jouli hizo. Jicho halifai kwa kazi hiyo, maana mwanga ukipungua nusu huona umefifia kidogo tu. Kipande cha sola kilichofungiwa pamoja na LED ndani ya boksi jeusi, kikasomwa mkondo wake kila baada ya sekunde chache, hutoa hesabu isiyo na upendeleo.

Kiasi cha kuibiwa hutegemea betri ilitoka wapi. Kamera yenye tochi kali huvuta mkondo mkubwa na huikataa betri ikiwa bado na akiba nyingi, nayo yaweza kuwasha LED kwa muda mrefu. Saa ya ukutani huvuta kidogo mno kwa miezi mingi, na betri inayotolewa humo huwa karibu tupu.