Wasichana Wetu Waliopata Skolashipu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Londiani na wageni wao)



Nimeambiwa niseme maneno machache ya kuwapongeza wasichana hawa waliopata skolashipu za sekondari. Hongereni sana. Lakini nimesikia mwanachama mmoja akiuliza, chama cha wafanyakazi kina kazi gani na skolashipu? Basi nitamjibu.

Mwaka 1959, nchi ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi alikuwa Bwana Tom Mboya, aliyeanza maisha ya kazi kama bwana afya wa mji wa Nairobi. Mtu huyo wa chama ndiye aliyezunguka Marekani akiomba nafasi za vyuo kwa vijana wetu. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Kwa hiyo, ndugu yangu, kazi hii si ngeni kwetu.

Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma Kansas, akapata digrii mwaka 1964, kisha akasoma Pittsburgh. Alirudi mwaka 1966 na barua ya kuahidiwa kazi katika chuo kikuu cha Nairobi. Kufika, akaambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Alitafuta mpaka akapata kazi nyingine chuoni humo humo, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa.

Watu humkumbuka kwa miti na kwa tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, nasi tunaokaa karibu na msitu twajua faida ya miti. Lakini mimi namkumbuka zaidi kwa jambo jingine. Aliona kwamba walimu wanawake wa chuo hawapewi haki sawa na wanaume katika nyumba na marupurupu. Yeye na mwenzake wakataka jumuiya ya walimu igeuzwe iwe chama cha wafanyakazi hasa, kipate kujadiliana na mwajiri. Mahakama ilikataa. Hata hivyo madai yao mengi yalikubaliwa baadaye. Binti zangu, huyo ni mtu wa skolashipu, na alikuwa mtu wa chama!

Wala msiseme mambo hayo ni ya Nyeri tu. Jirani zetu wa Bomet walimchagua Daktari Joyce Laboso kuwa gavana mwaka 2017, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza katika Kenya nzima. Alifariki Julai 2019, na hata wanaume waliompinga walilia.

Sasa niseme la nyumbani kwangu. Dada yangu alinipita darasani, nami sioni haya kulisema. Aliitwa sekondari, na karo ikapatikana kwa msaada. Kilichokosekana ni sanduku, godoro, viatu na nauli. Tulikuwa na ng'ombe mmoja. Baba akasema ng'ombe hauzwi kwa ajili ya msichana atakayeolewa. Mimi nilikuwa pale nikanyamaza, maana nilitumaini ng'ombe huyo atauzwa kwa ajili yangu. Siku ya kuingia shule ikapita, nafasi akapewa mwingine, na dada akaenda kuchuma chai. Ng'ombe alikufa kwa ugonjwa. Nami niliishia shule ya msingi ya misheni.

Na huko kwenye chai kuna nini? Februari 2023 BBC ilitangaza maneno ya wanawake zaidi ya 70 waliosema walitendewa uchafu na wasimamizi wao katika mashamba ya chai ya Kericho. Nawauliza wanaume wenzangu: mama aliyefanyiwa hivyo ataanza wapi kueleza, ikiwa mezani pa chama wameketi wanaume watupu? Halmashauri ya tawi letu nimeihesabu. Hakuna mwanamke hata mmoja, na tunao wanawake wanaolipa ada kila mwezi. Katiba ya mwaka 2010 inasema watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa vya umma. Tusingoje kuletewa askari.

Ninyi wasichana, someni, lakini wakati wa likizo njoni mikutanoni. Mtasoma barua za mwajiri na kutueleza maana yake, mtajifunza kuandika kumbukumbu za mkutano, na mtatuuliza hesabu. Msiogope kutuuliza hesabu. Nanyi akina mama, uchaguzi wa tawi ukifika toeni majina yenu. La kwanza nitaliunga mkono mimi.

Wasichana hawa wamelipiwa karo, lakini wawili hawana sanduku, na mmoja hana godoro wala nauli. Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha risiti. Mimi nimekwisha kutoa changu, risiti ninayo hapa.