Kura ya kwanza ya site: Albert, Kenya, Katuba na Ruashi

Hotuba kwa wafanyakazi wa migodi na watu wa Pweto



Leo sitasema juu ya mshahara wala juu ya posho. Nitasema juu ya karatasi ndogo, ndiyo karatasi ya kura, na namna ilivyoingia mara ya kwanza katika site za Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi tangu mwaka 1966. Habari hii ni yetu pia, sisi watu wa Pweto. Samaki wa Moero na wa Luapula walilisha wachimbaji wa shaba, na vijana wengi wa kandokando ya ziwa walifuata njia ileile kwenda kutafuta kazi. Mambo yaliyofanyika kule site yalirudi mpaka hapa.

Mnajua mji ule ulivyozaliwa. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Gari la moshi lilifika toka kusini mwaka 1910, na shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911. Kazi ilihitaji mikono, na mikono ilitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Urundi, Lomami, Kasai. Wengine walikuja kwa kupenda, wengine walikamatwa kazi. Wazungu walijenga mji wao katikati, na mtu mweusi aliwekwa pembeni, katika site. Usiku hakuwa na ruhusa ya kutembea katika mji wa Wazungu. Kwanza ilikuwa site ya Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, kisha Kenya. Katuba na Ruashi zilijengwa baada ya vita kuu ya pili, watu walipozidi.

Katika site hizo mtu alilipa kodi, alionyesha buku yake kwa polisi, alijenga nyumba, alizaa watoto. Lakini hakuulizwa neno. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi waliomba mshahara uongezwe, maana vita ilipandisha bei ya vitu vyote. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakapiga bunduki. Wengi walikufa. Hilo ndilo jibu walilopewa watu wasio na kura.

Miaka 16 ilipita. Tarehe 26 Machi 1957 Wabelgiji walitoa sheria mpya ya miji. Kila site kubwa itakuwa komini, na kila komini itakuwa na baraza lake na burgumestri wake. Mwezi wa Desemba mwaka uleule watu wa miji 3 waliitwa kupiga kura: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mweusi wa Kongo kuchagua wakubwa wake katika mji kwa karatasi.

Lakini tupime vizuri zawadi ile.

Kwanza, waliopiga kura ni wanaume tu, tena waliotimiza miaka 25. Mama aliyeuza unga sokoni Kenya na kulea watoto 6 hakuwa na sauti.

Pili, ilikuwa kura ya mji tu. Kijana wa Pweto aliyekaa Katuba aliweza kuchagua, lakini ndugu yake aliyebaki kutega nyavu hakuulizwa kitu. Yeye alibaki chini ya Bwana Teritwari.

Tatu, Wabelgiji wenyewe hawakuita jambo lile uchaguzi. Waliliita kutaka shauri. Burgumestri alithibitishwa na serikali, na juu ya maburgumestri wote aliwekwa mkubwa mmoja wa mji mzima, naye alikuwa Mbelgiji.

Nne, na hili ndilo neno kubwa, kura ilikuja kabla ya vyama. Wakati ule vyama vya siasa havikuwa na mizizi katika Katanga. Watu walikuwa na vyama vya kabila: vya kusaidiana katika msiba, katika ndoa, katika ugonjwa. Basi siku ya kura ilipofika, mtu alimtafuta nani? Alimtafuta yule aliyemzika baba yake. Tusiwacheke. Hawakuwa na chombo kingine mkononi.

Matokeo mnayajua. Watu wa Kasai walikuwa wengi katika site, wengi wao makarani na mafundi, na vyama vyao vilikuwa na nguvu. Maburgumestri waliotoka katika kura ile ya Elisabethville walikuwa wenyeji wa majimbo mengine. Wenyeji wa kusini ya Katanga walisikia uchungu. Walisema: inchi ni yetu, na wakubwa ni wageni. Mwezi wa Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, Godefroid Munongo akiwa mkubwa wake wa kwanza, na Moïse Tshombe akamfuata mwaka 1959. Wabaluba wa Katanga waliingia, kisha wakatoka na kusimama na Balubakat ya Jason Sendwe. Watu wa Kasai walikuwa na Fedeka.

Hapa nataka tusimame kidogo, wandugu. Uchungu wa wenyeji haukuwa wa uongo. Lakini ni nani aliyewaleta wageni? Ni kampuni, kwa sababu ilitaka mikono. Ni nani aliyeweka hawa katika ofisi na wale katika shimo? Ni kampuni na serikali ya kikoloni. Na ni nani aliyefurahi kuona mfanyakazi akimkasirikia mfanyakazi? Mwaka 1959 chama cha Wazungu walowezi, Ucol, kilijiunga na Conakat. Mtu aliyekukataza kutembea usiku mjini kwake, anakuwaje leo ndugu yako juu ya jirani wa nyumba ya pili?

Mwezi wa Mei 1960 ilikuja kura kubwa ya uhuru, hata vijijini, nayo tena ilikuwa ya wanaume peke yao. Katika baraza la Katanga, lenye viti 60, Conakat ilipata 25 na upande wa Balubakat 23. Tofauti ilikuwa viti 2 tu. Sheria ilitaka thuluthi mbili za wabunge wawepo kabla ya kuunda serikali ya jimbo. Balubakat na wenzao wakakaa nje. Basi, mwezi wa Juni, Ubelgiji ikageuza sheria mchezo ukiwa katikati, na Tshombe akaunda serikali peke yake. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangazwa kujitenga.

Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wabaluba, walikimbia nyumba zao za Kenya na Katuba wakakaa katika kambi chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, kando ya mji walioujenga. Kujitenga kuliisha Januari 1963, lakini mbegu ilibaki ardhini. Mwaka 1992 na 1993 iliota tena: watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika vituo vya gari la moshi na watoto wao, na wengine walikufa kwa njaa na magonjwa.

Wandugu, kura ya 1957 haikuwa kosa. Ilikuwa mlango, na baba zetu walifanya vema kuupita. Ubaya ni kwamba walipita kila mtu na ukoo wake. Tarehe 20 Desemba 2023 watu wa Lubumbashi walichagua tena washauri wa komini zao, na wamama pia walipiga kura. Basi kila mara karatasi ikifika mkononi mwako, jiulize maneno matatu. Mtu huyu ataleta maji na taa katika barabara yetu? Ataonyesha hesabu ya fedha ya komini? Atamlinda jirani yangu asiyesema lugha yangu?

Ukisikia mtu anaulizia tu kijiji cha babu ya mgombea, mkumbushe uwanja wa mpira wa 1941. Risasi siku ile haikuuliza kabila.

Uhuru na umoja!