Ndiva ya Kamaru Usman

Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye ndiva, ingawa mhusika wake ni mpiganaji aliyezaliwa Nigeria. Wazee wa Upare walielewa kuwa chemchemi ndogo ikiachwa itiririke tu, maji yake hunywewa na mfereji kabla hayajalifikia shamba la bondeni. Ndiyo maana walijenga ndiva: jioni mlango unazibwa, maji yanajikusanya usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa na kugawanywa kwa zamu. Nguvu inayolifikia shamba mchana iliwekwa akiba gizani. Hoja yangu ni kwamba ubingwa wa Kamaru Usman ulipatikana kwa njia hiyohiyo, na anayeanza kuusimulia kwenye siku ya kuvishwa mkanda ameukuta mlango tayari umefunguliwa.

Usman alizaliwa mwaka 1987 katika mji wa Auchi, akapelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka 8. Mieleka alikutana nayo shuleni huko Texas. Mwaka 2010, akiwa Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko mji wa Kearney, alitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vya daraja la pili. Shule na chuo, mazoezi ya kila siku, na hakuna mkanda wa dunia uliokuwa ukimsubiri: huo ndio usiku wa ndiva. Alipoingia mwaka 2012 katika MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali, hakuonekana mtu wa ajabu. Pambano lake la pili tu alipoteza kwa kukabwa kabali. Lakini kuanzia 2015, alipoingia katika mashindano makubwa ya UFC, alishinda mapambano 15 mfululizo. Tarehe 2 Machi 2019, mjini Las Vegas, alimshinda kwa pointi Tyron Woodley, naye mwanamieleka wa chuo, akawa bingwa wa kwanza wa UFC aliyezaliwa Afrika. Mkanda huo, wa uzani usiozidi kilo 77, aliutetea mara tano.

Kuna atakayepinga: mbona mapambano yake yanayokumbukwa zaidi aliyamaliza kwa ngumi? Ni kweli. Desemba 2019 yeye na Colby Covington, wanamieleka wote wawili, walitwangana wakiwa wamesimama hadi mwamuzi alipolisimamisha pambano katika raundi ya tano. Hata hivyo tazameni mapambano yake mawili dhidi ya Jorge Masvidal. La kwanza, Julai 2020, Usman alimganda mwenzake raundi tano, akimbana ukutani na kumlemea kwa mieleka, na wengi wakalalamika kuwa halina ladha. La pili, Aprili 2021, lilimalizika katika raundi ya pili kwa konde moja la kulia. Anayehofia kubebwa na kubwagwa huielekeza akili yake kiunoni, na hapo kidevu hubaki bila mlinzi. Konde la Aprili lilipitia njia iliyochimbwa na mieleka ya Julai. Wala si Usman peke yake: Mark Coleman, bingwa wa kwanza wa UFC wa uzani wa juu mwaka 1997, naye alitokea kwenye mieleka.

Pingamizi zito zaidi ni la Agosti 2022. Usman alikuwa akiongoza kwa pointi dhidi ya Leon Edwards, na pambano likiwa limebakiza chini ya dakika moja, teke la kichwani likamlaza chini. Je, akiba ile ilikuwa na faida gani? Jibu ni kwamba hakuna ndiva isiyoweza kubomoka. Akiba haimwondolei mtu hatari. Humwezesha kudumu, naye aliushika mkanda huo zaidi ya miaka mitatu, katika mchezo ambao kosa la sekunde moja linatosha kumvua mtu kila kitu.

Mwingine atasema: huyo ni zao la Marekani, sisi anatuhusu nini? Anatuhusu kwa sababu hiyohiyo. Kilichomfanya bingwa si damu yake peke yake, bali shule iliyokuwa na mkeka, mwalimu na ratiba ya mashindano. Vipaji vya ulingoni hapa kwetu Tanzania si hadithi: Titus Simba alileta medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akaleta ya dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Chemchemi, basi, zipo. Tukitaka bingwa wa kesho, tusimtafute kwenye mabango ya mapambano. Tuulize shule zetu zinakusanya nini leo, wakati hakuna anayetazama. Wapare hawakungoja kiangazi ndipo wachimbe ndiva.