Baa ya Bandarini Iliyogeuka Mali ya Wanachama

Katika pwani ya magharibi ya Uskoti ipo rasi iitwayo Knoydart. Kijiji chake kikuu, Inverie, hakina barabara ya kukiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Mgeni hufika kwa boti kutoka bandari ya Mallaig, kiasi cha kilometa 11, au hutembea milimani zaidi ya kilometa 25. Karibu na gati pana jengo lililokuwa karakana ya mhunzi, na baa iliyomo ikachukua jina hilo: The Old Forge.

Wenyeji wa Knoydart wanaujua uchungu wa kuishi juu ya mali ya mwingine. Mwaka 1853 watu zaidi ya 300 waliondolewa katika ardhi yao ili kondoo wapate malisho, wakapakiwa melini kwenda Kanada. Mwaka 1948 wanaume saba walijitwalia vipande vya ardhi ya mwinyi. Mahakama ikawaamuru watoke. Hatimaye, mwaka 1999, taasisi ya wenyeji iliinunua ardhi hiyo, ekari zipatazo 17,000.

Hata hivyo baa ilibaki mikononi mwa mtu binafsi. Ilipotangazwa kuuzwa mwaka 2021, wanakijiji, ambao hawafiki hata 200, walitambua kwamba jambo hili halihusu vinywaji tu. Pale ndipo wanapokutana wakati wa baridi, ndipo msafiri anapopata chakula, na ndipo vijana wanapopata kazi. Mlango ukifungwa, kijiji hakina baa nyingine.

Basi wakaunda chama cha manufaa ya jamii, wakauza hisa kwa wenyeji na kwa marafiki wa mbali, wakaomba msaada wa mfuko wa ardhi wa Uskoti. Machi 2022 baa ikawa yao. Mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache, kila mmoja ana kura moja.

Kununua hakukuwa mwisho. Jengo lilihitaji matengenezo, na hesabu ilipaswa kusomwa mbele ya wenye mali. Hapo ndipo kazi ya katibu inapoanza.

Ndugu Wajumbe, kila chama kina ghala, kinu au duka ambalo kijiji hakiwezi kuishi bila hilo. Inafaa wanachama waulizane mapema hati yake ina jina la nani, kabla tangazo la mnada halijabandikwa mlangoni.