Mashine Inanunuliwa, Muuguzi Bingwa Anasomeshwa

Ndugu msikilizaji, mtu akikwambia kuwa Kariakoo kuna kila kitu, usimbishie. Ukitaka nguo, utazipata Mtaa wa Kongo. Ukitaka spea za gari, teremka Gerezani. Ukitaka jenereta, pampu ya maji, kitenge cha harusi au dagaa wa Mwanza, hutatoka mikono mitupu. Hata kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa ili kupima kiwango cha oksijeni katika damu, siku hizi kinapatikana kwa wauza vifaa vya hospitali.

Lakini hebu mwulize mwenye duka swali moja. Mwambie: kifaa nimekiona, sasa nataka na mtu wa kukisoma saa tisa usiku, atakayejua kuwa namba hii ni ya hatari, na atakayejua la kufanya kabla daktari hajafika. Atacheka. Bidhaa hiyo hana, wala haji kuipata hata akiagiza kontena zima kutoka ng'ambo.

Mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumze wiki hii. Ni muuguzi aliyesomea huduma ya watu wazima walio mahututi.

Lugha yetu ya mitaani inasema mengi. Daktari bingwa tunamjua. Mtu akiandikiwa kumwona daktari bingwa, familia nzima inapata matumaini. Lakini ukitamka "muuguzi bingwa" kwenye daladala, watu watageuka kukutazama. Kwetu sisi kila aliyevaa sare nyeupe ni nesi, basi. Tunamwita sista, tunamwomba atuonyeshe wodi, tunamlaumu foleni ikiwa ndefu. Kwamba kuna nesi mwenye shahada ya uzamili, aliyekaa darasani na wodini miaka miwili zaidi baada ya shahada yake ya kwanza ili ajue kumhudumia mtu aliye kati ya uhai na kifo, wengi hatujalisikia.

Na yupo. Pale Upanga, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili ya uuguzi katika huduma za wagonjwa mahututi na majeruhi. Chuo hicho kimetoka mbali. Mwaka 1963 kilianza kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam, mwaka 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza hapo katika miaka ya 1980. Kwa hiyo hatuzungumzi habari ya ndoto. Njia imekwisha kuchongwa. Swali ni wangapi wanaipita, na wakishapita tunawapeleka wapi.

Pengine msikilizaji utauliza: miaka miwili ya nini? Si kuchoma sindano na kuandika faili?

Mimi si mganga, lakini kazi yangu ni kuuliza, na hili nimeliuliza. Mtu aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kusema kitu. Hawezi kusema anaumwa wapi, hawezi kukohoa makohozi yake, hawezi kujigeuza, hawezi kumeza mate. Yote hayo anafanyiwa. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30 hadi 45, ili uchafu wa kinywani na tumboni usiteremke kwenye mapafu ukamletea nimonia. Kinywa husafishwa. Makohozi hunyonywa kwa mrija. Mwili hugeuzwa, ngozi isije ikaoza kwa kulalia upande mmoja. Dawa ya kupandisha presha huingia kwa mililita chache kwa saa. Ikizidi kidogo ni hatari, na ikikatika kidogo ni hatari.

Kisha mashine inalia. Asiyefundishwa hukimbilia mashine na kubonyeza vitufe mpaka inyamaze. Aliyefundishwa humtazama mgonjwa kwanza. Je, kifua kinapanda? Mrija umetoka, au umezibwa na makohozi? Asipopata jibu mara moja, humtoa mgonjwa kwenye mashine na kumpumulisha kwa mfuko wa mkono, huku akiita msaada. Hayo yote hutendeka katika dakika chache, kwa sababu ubongo usiopata oksijeni hausubiri mtu atafute ukurasa kwenye kitabu.

Daktari hupita. Hata awe hodari namna gani, ana wodi nyingine na wagonjwa wengine. Muuguzi ndiye hukaa. Sisi wa redio tunaielewa hali hiyo vizuri. Mtangazaji anasikika nchi nzima na jina lake linajulikana, lakini fundi mitambo akisinzia, nchi nzima inasikia kimya.

Historia nayo inatufundisha. Mwaka 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilikumbwa na ugonjwa wa polio uliowapoozesha watu hata misuli ya kupumulia. Mashine zilikuwa chache mno. Daktari mmoja aitwaye Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa watobolewe koo, wawekewe mrija, na wapumulishwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapangwa zamu usiku na mchana, kila mmoja akibinya mfuko kando ya kitanda. Vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen akaanzisha chumba maalumu cha kuwaweka wagonjwa wa namna hiyo pamoja, na hicho ndicho kinachohesabiwa na wengi kuwa ICU ya kwanza duniani. Msikilizaji zingatia hapo. Huduma hii ilianza na watu waliokaa kando ya kitanda. Mashine zilikuja kuwasaidia watu hao.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na wengine wengi waliokolewa na kupelekwa katika hospitali za jiji, Muhimbili ikiwamo. Tulisimama barabarani tukishangilia kila aliyetolewa akiwa hai, na ilikuwa haki kushangilia.

Lakini wanaojua tiba wanatuambia kwamba kwa mtu aliyefukiwa, kutolewa ni nusu ya safari. Mguu uliobanwa na zege kwa saa nyingi, misuli yake hufa. Zege likiondolewa, sumu iliyokuwa imefungiwa mguuni hukimbilia kwenye damu. Potasiamu hupanda, na moyo unaweza kusimama. Figo huziba. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri jioni, na usiku akageuka. Dalili mojawapo ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nani atauona mkojo huo? Si profesa. Ni muuguzi wa zamu ya usiku anayebadilisha mfuko. Akijua maana yake, atapiga simu, atapima, ataongeza maji ya mshipani kama alivyoelekezwa, na figo zinaweza kuokoka. Asipojua, ataumwaga na kuendelea na kitanda kinachofuata, na hatakuwa ametenda dhambi yoyote, kwa sababu hakuna aliyemfundisha.

Nchi yetu imetumia fedha nyingi kwa jambo hili. Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa janga la UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda katika vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya huduma za dharura na mitambo ya oksijeni. Ni jambo jema, na aliyepoteza ndugu kwa kukosa oksijeni hahitaji kuelezwa wema wake. Lakini jengo hujengwa kwa miezi, na mashine huja kwa meli. Muuguzi wa kuisimamia huchukua miaka. Ukianza na jengo ukamsahau mtu, siku ya kuzindua utakata utepe mbele ya kitanda kitupu.

Ushahidi tunao hapahapa Muhimbili. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali hiyo. Haukuleta mashine ya ajabu. Ulileta utaratibu: mapigo ya moyo, pumzi, presha, oksijeni na fahamu vikifika kiwango cha hatari, wahudumu waliopo kitandani waanze hatua fulani papo hapo. Wahudumu wakafundishwa utaratibu huo. Vifo kwa ujumla havikushuka kwa kiasi cha kujivunia, na watafiti walilisema hilo. Lakini kwa wagonjwa walioingia na presha ya chini mno, vifo vilishuka kutoka 92 hadi 69 katika kila 100. Bado ni wengi. Lakini hao 23 ni baba wa mtu, ni mama wa mtu.

Wapo watakaosema: wauguzi wenyewe hawatoshi, kumtoa mmoja wodini miaka miwili ni kuzidisha upungufu. Hoja hiyo ina uzito, na siidharau. Lakini mkulima anayekula mbegu zote kwa sababu ana njaa, mwakani atakula nini? Muuguzi mmoja mwenye uzamili, akitumiwa vizuri, hufundisha wodi nzima. Na si lazima kila mmoja apite chuo kikuu. Wenzetu wa Kenya, kupitia chuo chao cha mafunzo ya tiba, KMTC, wana stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi kwa wauguzi waliokwisha kufuzu. Uingereza mwongozo wao unataka muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, na angalau nusu ya wauguzi wa chumba hicho wawe wamesomea fani hiyo baada ya kusajiliwa. Sisemi tufike huko kesho. Nasema tujue ngazi ina vipandio vingapi.

Wengine watasema akishasoma atakimbia. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi, maana nchi za Ghuba zinawatafuta wauguzi mchana kweupe. Lakini tujiulize na sisi. Ukimsomesha mtu miaka miwili, kisha ukamrudisha kwenye zamu ileile na cheo kilekile, huku mwenziwe aliyepewa ofisi akionekana ndiye aliyepanda, umemfundisha nini? Umemfundisha kwamba kupanda ni kuondoka kitandani kwa mgonjwa. Daktari bingwa anapanda cheo na bado anagusa wagonjwa. Muuguzi naye apande hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Tunadhani mahututi wote wako ICU. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 22 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2025, uliwahesabu wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Na kati ya mahututi hao, karibu 7 katika kila 10 walikuwa wamelala wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Zaidi ya nusu hawakuwa wakipata yale mambo ya msingi kabisa, kama oksijeni kwa mwenye upungufu wa oksijeni na maji ya mshipani kwa aliyeishiwa presha.

Hapo ndipo ninapoona kazi kubwa ya muuguzi bingwa. Asifungiwe nyuma ya mlango wa kioo pamoja na vitanda vichache. Apewe muda rasmi wa kupita wodi za kawaida, awafundishe wenzake kuzitambua dalili za hatari, na awe na mamlaka ya kusema: mgonjwa huyu asisubiri asubuhi.

Basi nina maombi matatu. Wanaopanga bajeti, kila mnapoandika bei ya kitanda cha ICU na mashine yake, andikeni chini yake ada ya masomo ya muuguzi atakayekisimamia. Waajiri, mrudisheni mhitimu kwa mgonjwa, kwa cheo na posho inayolingana na elimu yake. Na sisi wananchi tujifunze kuuliza. Hospitali ikitangaza kuwa imepata mashine mpya, tupige makofi, kisha tuulize: zamu ya usiku yuko nani, na amesomea wapi?

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mashine ni mgeni, na tumekwisha kuikaribisha. Tumsomeshe basi mwenyeji wa kuipokea.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa, nawatakia afya njema.