Matairi Manne Kwanza



Katika Mathayo 4, shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamwambia ajitupe chini, maana malaika watamdaka. Yesu alikataa. Alijua malaika wako, lakini hakukubali kumjaribu Baba yake. Neno hili leo nalipeleka mbali, kwenye milima ya Alpes kule Ufaransa, kwa watoto wetu wanaokwenda kazini na gari ndogo asubuhi ya giza.

Sisi wa upande wa Beni theluji tunaiona juu ya Ruwenzori tu, siku mawingu yakifunguka. Kule iko barabarani. Kutoka Grenoble kwenda Briançon, barabara inapanda Lautaret, zaidi ya mita 2,000. Baridi ikishuka chini ya digrii 7, tairi la kawaida linaanza kuwa gumu kama soli ya kiatu kilichozeeka. Tairi la baridi, mpira wake unabaki laini, tena una mikato midogo midogo inayouma theluji. Alama yake ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Tangu 2021, sheria ya Ufaransa inataka gari inayopita sehemu nyingi za milima, kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi, iwe na matairi hayo manne, au ibebe minyororo ya kufunga.

Manne, si mawili! Gari ndogo nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiweka mawili mbele tu, itapanda vizuri na utamshukuru Mungu; wakati wa kushuka, nyuma inateleza, gari inazunguka. Ikiwa na yote manne, usiidharau. Jipu kubwa lenye matairi ya kiangazi linapanda kwa nguvu zake, ila kusimama ndiyo shida. Kushuka ni vitesi ya pili, mguu mwepesi kwenye freni, na nafasi ndefu nyuma ya gari ya mbele. Theluji ikifika tumbo la gari, abaki nyumbani. Mkubwa wa kazi atangoja.

Sasa nasema na sisi wazazi. Mwezi wa kumi na moja, mtoto anapotafuta pesa ya matairi, ndipo sisi tunapiga simu: Noeli inakaribia, minervali ya wadogo zake, na, ndiyo, mabati ya kanisa. Anaona haya kutukatalia. Anatuma, kisha anasema Mungu atanilinda na mwaka huu. Sisi tunaitika Amina. Hapo tumempandisha mtoto juu ya hekalu.

Wiki hii akipiga simu, kabla ya kumtajia shida za hapa, mwulize: umekwisha kuweka yote manne? Akisema bado, mwambie pesa ya Noeli aipeleke kwa fundi wa matairi. Sisi tutakula sombe.