Tusilikate Tuta: Bomba la Kupunguza Maji ya Ndiva



Nimepewa dakika chache nieleze bomba tunaloliombea mchango mwaka huu. Wengine wameniuliza, "Ndiva ina mlango wake wa maji, bomba la nini tena?" Swali ni zuri.

Ndiva tunaijua: hujazwa usiku, asubuhi ikafunguliwa, maji yakashuka mferejini hadi shambani. Shida huanza mlango unapoziba kwa tope, au tuta linapovuja huku mvua za masika zikiendelea. Maji lazima yapunguzwe, nasi huchukua majembe tukakata tuta. Hapo ndipo penye hatari. Maji yakishapata njia kwenye udongo hula kingo, na mfereji mwembamba huwa pengo kubwa kabla hamjakusanya mawe ya kuuziba.

Huko Solai, Nakuru, Kenya, bwawa la shamba lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, na watu zaidi ya 40 wakafa. Sisemi tuta lile lilikatwa. Nasema tuta likishavunjika, maji hayasubiri mtu. Ndiva zetu ni ndogo, lakini chini yake kuna nyumba na mashamba.

Bomba la saifoni hupita juu ya tuta bila kulichimba. Ni kama ule mpira wa kutolea mafuta kwenye pipa, ila mkubwa. Ncha moja imo majini, ina chujio; nyingine iko nje, chini kuliko usawa wa maji. Mnafunga koki za ncha zote mbili, mnajaza maji kupitia tundu la juu mpaka hewa yote itoke, mnaziba tundu, kisha mnafungua koki. Maji hujivuta yenyewe, bila dizeli wala umeme.

Bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita 40 hujazwa kwa ndoo kama 35 za lita 20. Ncha ya nje ikiwa mita 3 chini ya usawa wa maji, hutoa kama lita 40 kwa sekunde, na kasi hupungua kadiri maji yanavyoshuka.

Masharti ni manne. Bomba lisipande zaidi ya mita 5 hivi juu ya maji, kwa kuwa linategemea mgandamizo wa hewa, na milimani hewa ni nyepesi. Liwe gumu, lisijibane, na viungo visiingize hewa. Maji yaangukie kwenye mawe, mbali na mguu wa tuta. Na tusiharakishe: ndiva iliyokaa imejaa wiki nyingi ikishushwa ghafla, udongo wa ndani hubomoka. Koki ipo kwa kazi hiyo.

Tunaomba seti moja tu, itunzwe katani, ihamishwe panapohitajika. Kwa bwawa kubwa, kwanza tutawaona wataalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Kubeba bomba na kujaza ndoo tutafanya kwa msaragambo, kama walivyotufundisha wazee. Ninyi mlio mbali hamwezi kushika ndoo. Shikeni kalamu, mjaze fomu ya ahadi.